Maiki mpya na pua ya baba mkwe

Leo nimeaibika, jamani. Na siwezi hata kukana, kwa sababu nimejirekodi mwenyewe.

Wanaonifahamu wanajua nina studio hapa Lushoto, nyuma ya nyumba ya shangazi. Nikisema studio msijenge picha kubwa. Ni chumba kimoja. Mwimbaji, mimi, kompyuta na stendi ya maiki, wote humo humo. Ukutani kuna trei za mayai na mablanketi ya kuzuia mwangwi (shangazi anaulizia blanketi lake moja, mimi sijui lolote).

Sasa, jana nimepokea maiki mpya kutoka Dar. Ile ya zamani ilikuwa ya washereheshaji, mpaka uimeze ndiyo ikusikie. Hii inasikia kila kitu! Asubuhi nimeijaribu, nikasikia saa ya ukutani. Nikaitoa betri. Nikasikia friji la shangazi. Nikalizima (hajui). Nikasikia kuku nje, nikawafukuza hadi kwa jirani.

Saa nne akaja Mama Eliya, anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Sauti yake inaweza kukutoa machozi, lakini wimbo una beti sita na kikohozi chake hakina ratiba. Mara ya kwanza alikohoa ubeti wa tano. Mara ya pili akafika mwisho kabisa, kwenye "amina", akakohoa hapo hapo kwenye amina.

"Mwanangu, koo langu limebakiza mara moja tu," akaniambia. "Ukiipoteza hii, tuonane wiki ijayo."

Nikavaa hedfoni, tukaanza mara ya tatu. Ubeti wa nne, safi. Wa tano, hakuna kikohozi! Nikaacha kupumua.

Mlango ukafunguliwa.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mjomba wangu alishapeleka barua ya posa Mgwashi, kwa akina Neema. Jibu halijaja. Tulichosikia ni kwamba baba yake anauliza, hiyo kazi ya kurekodi watu ni kazi gani, na huyo kijana ana adabu? Usingizi sipati. Mzee mwenyewe nilikuwa sijawahi kukutana naye, nimemwona kwenye picha tu, katika simu ya Neema. Lakini ile pua huwezi kuisahau.

Pua hiyo ndiyo iliyoingia. Kumbe mzee kaja mjini kununua dawa ya viazi, akaona apitie anione kwa macho yake. Na shangazi, bila wasiwasi, akamwambia, "Yumo ndani, pita tu, baba."

Akasimama pale mlangoni na mabuti yake ya mpira yenye matope, kofia mkononi, ananitazama. Anasubiri kuamkiwa. Huku kwetu mnajua wenyewe. Mzee atakusamehe ng'ombe wako akila mahindi yake, lakini kumkodolea macho bila shikamoo, hapana. Na Mama Eliya ndiyo kwanza kaingia ubeti wa sita!

Nikanong'ona, "Shikamoo, baba." Kwa pumzi tu. Kisha mkono wangu (sijui nani aliutuma) ukapanda, kidole kikakaa mdomoni.

Nimemnyamazisha baba mkwe.

Akakitazama kile kidole. Akageuka, mabuti yanalia kwichi, kwichi, kwichi, akafunga mlango taratibu. Mama Eliya hakutetereka, akaimba mpaka mwisho. Alipomaliza tu nikatoka mbio, soksi miguuni, hedfoni shingoni. Waya sikuuchomoa. Ukanirudisha nyuma kama mbuzi wa kamba, kiti kikaanguka, Mama Eliya akaidaka maiki. (Mungu ambariki yule mama.)

Mzee nilimkuta kwenye kibanda cha chai, barabarani.

"Kazi yako nimeiona," akasema. "Salamu ndiyo sijaisikia."

"Nilikuamkia, baba! Nilinong'ona kwa sababu ya wimbo."

"Kwa kidole?"

Wanywa chai wote wakanigeukia. Nilimwona Neema akiolewa na mwalimu fulani wa Bumbuli, kabisa, na keki naiona.

"Baba, mashine imerekodi. Njoo usikie mwenyewe."

Akaja, na kikombe chake mkononi. Wanywa chai wawili nao wakaja (hawakualikwa). Nikafungulia kwenye spika kubwa ili pasiwe na ubishi. Mama Eliya anaimba. Mlango unalia. Halafu, safi kabisa: "Shikamoo, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akatabasamu. Jamani, nilivyofurahi! Nikasahau kuzima. Nilikuwa nimesahau pia kwamba baada ya mlango kufungwa nilinong'ona kitu kingine.

Kwichi, kwichi, kwichi. Mlango. Kisha sauti yangu, chumba kizima:

"Ee Mungu, nimekwisha. Neema nampenda, ila watoto wetu wasirithi ile pua."

Na humo humo kwenye rekodi Mama Eliya, kwa ile sauti ya kutoa machozi: "Aaaamina."

Kila mtu akaitazama pua. Mzee akaishika.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza mara tatu! Mara ya tatu mabega yakaanza kumtikisika, chai ikamwagika, akakaa kwenye kiti nilichokiangusha, akacheka mpaka akakohoa kuliko Mama Eliya.

"Hii ni pua ya marehemu mama yangu," akasema akijifuta macho. "Neema aliniambia unafanya kazi. Hakuniambia kwamba unasali."

Akainuka, akaisogelea maiki. "Hiki ndicho kinachosikia?"

"Ndicho, baba."

"Kiwashe."

Nikakiwasha. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, akasema polepole:

"Marahaba. Washenga waje Jumamosi."

Nilikaa chini sakafuni. Mpaka sasa ninavyoandika nacheka peke yangu kwa kushukuru.

Mama Eliya amekataa niikate ile amina yake, anasema ndiyo bora aliyowahi kuimba. Kwa hiyo tafadhali, msinicheke. Na wewe Neema, ukisoma hapa, pua yako ni ndogo kabisa.