Sayansi Hairambwi

Leo nimeaibika, wenzangu, tena nimeaibikia mahali ambapo mtu hafai kuaibikia: kwa wakwe. Niko saiba hapa Kitale, kwenye kompyuta ya kulipia, viatu bado vina matope ya Matulo, kwao Nafula, na ninaandika mbio kabla Nafula hajawaandikia yeye. Nafula akisimulia huongeza chumvi. (Neno hilo tuliache kwanza.)

Mnajua nia yangu kwa Nafula. Mnajua pia kwamba babake, Mzee Barasa, alikuwa na wasiwasi na mimi. Ati kijana aliyelelewa mjini Kitale kwa maziwa ya pakiti atajulia wapi ng'ombe? Na kwao mahari ni ng'ombe, hakuna njia ya mkato. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mzee kusema ndiyo au la. Nikavaa suti. Nikafunga tai ya mwalimu mkuu wetu (niliomba, sikuiba).

Tukapokelewa vizuri. Sebuleni tulikuwa mimi, Nafula, Mzee Barasa na mjomba mmoja mnene asiyesema sana. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango umerudishwa. Kwao mkwe haonani na mama mkwe ana kwa ana, wala hawazungumzi hivi hivi. Akiwa na neno, anamwita Nafula, na Nafula analileta. Mimi niliona ni desturi nzuri, inanipunguzia mtu mmoja wa kuogopa. Sikujua desturi hiyo hiyo ndiyo itakayonimaliza.

Chai ilipofika, mzee akanitupia swali.

"Mwarimu, redio imesema wazungu wamerusha chombo mpaka kikagonga nyota ya mkia. Na kuna hizi zingine wanaita asteroidi. Si ni kitu moja tu, bana?"

Jamani! Mtu na somo lake! Nilifurahi nusura nimwage chai. Nikamweleza kwamba nyota ya mkia, yaani kometi, ni barafu na vumbi. Ikikaribia jua, barafu inageuka mvuke, na huo mvuke na vumbi ndivyo vinavyofanya mkia. Asteroidi ni jiwe kavu, nyingine zina chuma, haina mkia, na nyingi huzunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Mjomba naye akatikisa. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu.

Lakini chai ni chai. Nikaenda msalani, na wakati wa kurudi nikaliona.

Jiwe. Limekaa kando ya boma la ng'ombe, chini ya kipande cha bati, juu ya gunia, lisinyeshewe. Lina wekundu wa kutu. Lina vishimo laini mwili mzima, kama mtu aliyebonyeza udongo kwa kidole gumba. Na vitabu vinasema kimondo kilichoanguka kutoka angani huwa na vishimo hivyo hivyo! Nikajiambia, hata wenyewe wanajua hiki ni kitu cha thamani, ndiyo maana wamekiezekea.

Nikalibeba mpaka sebuleni. Nikaliweka mezani, juu ya kile kitambaa cheupe cha kufuma.

"Mzee," nikasema, "unajua hapa kwako kuna kipande cha asteroidi?"

Mzee akamtazama mjomba. Mjomba akatazama dari.

"Ati nini?" mzee akauliza, polepole sana.

Nikamwonyesha kutu, nikamwonyesha vishimo. Kutoka jikoni nikasikia kikohozi, kisha, "Nafula! Kuja!" Nafula akaenda, akarudi ameuma midomo.

"Mama anauliza kama umeliramba."

Nikacheka kwa upole, kicheko cha msomi. "Mwambie mama sayansi hairambwi." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.)

"Na hii haiwezi kuwa ile ya mkia?" mzee akauliza.

"Haiwezi! Ile ni barafu, ingeyeyuka. Hii haiyeyuki hata inyeshewe miaka mia."

"Lakini mwezi jana ilikuwa kubwa kuriko hivi. Inapungua."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema, "Ni hewa, mzee. Hewa ya dunia inalila pole pole." Mjomba akatoka nje ghafla, mabega yakitikisika. Nikadhani ni kifua.

Kikohozi tena jikoni. Nafula akaenda, akarudi na machozi machoni. "Mama anasema, kama ni ya angani, basi uitoe nje uione vizuri kwa jua."

Wazo zuri, nikasema. Nikalikumbatia jiwe kifuani, suti na yote, nikasimama katikati ya uwanja. Majirani wawili wakasimama kwenye ua kutazama. Na ndipo ng'ombe wakarudi kutoka mtoni.

Ng'ombe mmoja mwekundu aliponiona hakuuliza. Alinijia moja kwa moja kama anayenidai. Akatoa ulimi, akaramba asteroidi. Akairamba tena, akashuka mkononi, akapanda kwenye tai ya mwalimu mkuu. Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikazunguka, akazunguka nami.

"Mzee! Huyu anataka nini?"

"Anataka chumvi yake, mwarimu. Umebeba chakula yake."

Jiwe la chumvi ya ng'ombe, wenzangu. Ng'ombe walikuwa wameliramba mpaka likapata vishimo. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kilichozidi vyote kilitoka jikoni. Mama mkwe sijawahi kuona sura yake, lakini kicheko chake nitakitambua hata gizani.

Mzee akanikaribia, akifuta macho. "Hebu mwarimu. Ulisema ile ikinyeshewa inayeyuka ni gani?"

"Kometi, mzee," nikajibu, ng'ombe akiwa kwenye kiwiko.

"Basi hii ni kometi. Na mkia yake si ndiyo ile nyuma inafukuza nzi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua nimekosa mke, na nimemkosa kwa ajili ya donge la chumvi. Niliumia kweli, sitanii. Lakini mzee akanishika bega.

"Mtu anasimamia neno yake hata ng'ombe ikimla hivi, huyo hawezi kutupa msichana yangu njiani. Leta ng'ombe. Lakini usichague wewe. Huyu mjomba atachagua, sababu wewe unaweza kutuletea punda."

Kwa hivyo msinicheke. Mwenzenu nimepata mke. Nafula amenifungia kipande cha asteroidi kwenye kitambaa, zawadi kutoka kwa mama, na ujumbe ni ule ule: kwanza nikirambe. Nimeangalia huku na huku, saiba nzima imeinamia kompyuta.

Nimekiramba. Mama alikuwa sahihi.