Tabla ya Sufuria

Jumatatu, 15 Septemba

Tangazo limebandikwa leo kwenye ukuta wa redio ya kambi. Tamasha la muziki Lilongwe, Jumamosi tarehe 27. Muziki wa aina mbili: dub, yaani muziki wa mwangwi wa mashine, na muziki wa kale wa Kihindi. Wanatafuta kundi moja kutoka kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka. Moja tu.

Nimelisoma mara tatu. Nimeona jina langu pale, ingawa halikuandikwa.

Mimi ni Djafari, mtu wa Kindu, miaka arobaini na tisa, fundi wa redio hapa kambini mwaka wa kumi na moja sasa. Naandika haya ili siku wakiuliza nilianzaje, jibu liwepo.

Anayeandikisha ni Madame Arlène, Mrundi, mwanamke wa miwani na maswali mafupi. Aliniuliza ninapiga nini. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama Alexis wa Bukavu, kiongozi wa kwaya, mwenye kinanda na diploma. Nikaona nikisema ninatengeneza redio, nimekwisha. Nikasema tabla, ngoma za Kihindi. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema Kindu, kwa mwalimu Mhindi, miaka kumi.

Ukweli ni kwamba nilifagia duka la Mhindi mmoja pale Kindu kwa miaka miwili, naye alikuwa na kaseti. Ilikuwa miaka mirefu.

Fomu ilitaka watu wawili. Arlène akaandika: Ustadh Djafari, tabla, na msaidizi. Alexis alikohoa.

Jumanne, 16 Septemba

Sina tabla. Nimeanza kutengeneza.

Picha kwenye simu inaonyesha ngoma mbili ndogo: moja ya mti, moja ya chuma, kubwa kidogo. Ya mti nimeichonga kutoka kinu kilichopasuka. Ya chuma ni sufuria ya Mauwa. Ngozi ya mbuzi imetoka Madisi, kwa kabaza, na mwendesha baiskeli amelalamika harufu njia nzima.

Mauwa ni mdogo wangu, huniita yaya, yaani kaka mkubwa. Nyumba yake imegusana na yangu. Anauza sambusa. Mume wake, Yakubu, tulimzika hapa miaka sita iliyopita, na tangu siku ile hajagusa ngoma, ingawa mikono ya marehemu mama yetu alirithi yeye. Kule Kindu harusi zilisubiri mpaka afike.

Nimemwambia atakuwa msaidizi wangu. Aliuliza: "Yaya, sufuria yangu iko wapi?"

Nikamweleza kuhusu sanaa. Akauliza maharage atapikia nini, sanaa? Mwisho alikubali, kwa sharti. "Mi sitapiga. Nitabeba tu."

Tabla ina duara jeusi katikati ya ngozi. Nimepaka rangi ya viatu. Imependeza sana.

Alhamisi, 18 Septemba

Majaribio ni Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya turubai, karibu na lango. Alexis amejiandikisha pia. Anasema dub anaijua, imo ndani ya kinanda chake, namba themanini na saba. Unabonyeza na muziki unatoka wenyewe.

Nimekutana naye kwenye bomba la maji. Nimemwambia kwa masikitiko kwamba majaribio yamesogezwa mpaka Jumatatu. Alinishukuru. Alinisaidia hata kubeba ndoo yangu. Sikujisikia vizuri, lakini ndoo ilikuwa nzito.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilifika langoni saa mbili na nusu, nimevaa kanzu. Mauwa alibeba ngoma. Saa tatu, hakuna mtu. Saa tano, hakuna mtu. Mauwa alirudi kwenye sambusa zake. Niliswali adhuhuri palepale, nikaswali na alasiri.

Saa kumi ndipo mlinzi akasema gari la Arlène limeharibika tangu jana. Majaribio yamesogezwa mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 22 Septemba

Alexis alikuja amepumzika, amefunga tai. Mbele ya watu alinishukuru tena kwa kumjulisha mapema. Nilitazama chini.

Alipiga namba themanini na saba. Ilikuwa nzuri. Arlène alimwambia kwa heshima kwamba mashine wanazo tayari, wanatafuta mikono. Mimi nilipiga baada yake. Arlène hajui tabla, jambo lililonisaidia sana, na mpiga tabla mwingine hakuwepo. Nimechaguliwa. Jumatano tutasikilizwa Lilongwe na mwalimu mwenyewe wa muziki wa Kihindi. Hati ya kutoka kambini ina majina mawili, la kwanza langu.

Alexis alinipa mkono. "Papa Djafari, mpige muziki, batu ba Lilongwe bajue na sisi tuko batu." Hakuna alichoficha katika maneno yale. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 24 Septemba

Naandika polepole. Lazima niandike yote.

Mwalimu huyo, Bwana Jayanti, anakaa Old Town, karibu na soko la Tsoka, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Amekaribia miaka themanini. Alizaliwa Dar es Salaam, na Kiswahili chake ni laini kuliko changu. Hilo sikulitarajia. Alikuwepo pia Bella, msichana wa Blantyre, na meza yake ya mashine na nyaya. Yeye ndiye mtu wa dub. Anachukua pigo moja la ngoma, analirusha, nalo linarudi, linarudi tena, mpaka linafifia.

Mzee aliniomba nipige mzunguko wa mapigo kumi na sita. Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu, kwa sababu nguvu husaidia. Nikafumba macho kama wanavyofumba kwenye video. Nilipofumbua, mzee alikuwa anatazama vidole vyangu. Vilikuwa vyeusi. Nikafuta jasho usoni, mambo yakazidi kuharibika.

Aliuliza kwa upole hiyo dawa nyeusi ya ngozi nimeichanganya na nini. Nikasema ni siri ya mwalimu wangu. Akainama, akanusa. Akasema inaonekana mwalimu wangu alipenda viatu safi.

Bella aligeukia dirishani.

Mzee hakunifukuza. Aliweka mikono magotini, akaanza kutamka: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Alisema mdomo hujifunza kwanza, mkono baadaye. Akaniambia nirudie. Nikapotea kwenye pigo la saba. Nikaanza upya, nikapotea kwenye la tano.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

Mauwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, mfuko wa sambusa mapajani. Alitamka mapigo yote kumi na sita bila kuinua kichwa. Sijui kama alijua anatamka. Mama alimfundisha hivyohivyo, kwa mdomo kwanza, jioni nzima kwenye mkeka. Mimi nilikuwa natumwa maji, kwa sababu nilikuwa nawaharibia.

Mzee aliuliza yule ni nani. Nikasema msaidizi wangu.

"Basi leo mbadilishane," alisema. "Wewe msaidie yeye."

Akamsogezea tabla zake mwenyewe. Mauwa alizitazama muda mrefu. Akasema ameacha kupiga tangu msiba wa mume wake. Mzee hakumbembeleza. Alisema yeye naye aliacha miaka minne, mke wake alipofariki, na siku aliyorudi alikuta mikono bado inamngoja. Kisha akanywa chai yake.

Mauwa alikaza kitambaa kichwani. Akaweka vidole juu ya ngozi kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Alivyopiga sitaandika. Nilikuwa namsikia Mama akiwa hai. Mzee alipiga makofi ya hesabu, na kila mzunguko ulipokwisha, walifika pamoja.

Njiani kurudi nilimwambia Mauwa samahani kwa kumwita msaidizi. "Yaya, we unadanganya ata ngoma," alisema. Akanipa sambusa.

Alhamisi, 25 Septemba

Wamalawi wanasema jina Dzaleka maana yake ni nimekoma, sitarudia tena. Hapa palikuwa jela zamani. Miaka kumi na moja nimelitamka jina hili bila kulisikia. Leo nimelisikia.

Nimekoma. Nimemwandikia Arlène kwamba mpiga tabla ni Mauwa, na mwalimu wa Kindu hayupo. Amejibu kwamba Bwana Jayanti alishamweleza. Nimevua ngozi, nimesugua sufuria kwa majivu na mchanga, nimeirudisha. Nimekwenda mpaka nyumbani kwa Alexis, nimeungama habari ya bomba la maji. Alicheka mpaka mke wake, Cécile, akatoka nje kuuliza kuna nini. Nimerudi na kifua chepesi.

Baada ya alasiri. Nimewaza kuhusu picha. Watu wengi watapiga picha, na redio ya kambi itatangaza. Mauwa akionekana peke yake, watauliza kaka yake alikuwa wapi. Mpigaji anahitaji maji. Kumpelekea mtu maji jukwaani si uongo.

Jumapili, 28 Septemba

Tamasha lilikuwa jana. Jana nisingeweza kuandika.

Bustani kubwa yenye majani makavu, watu wameketi chini kwenye mikeka: Wahindi wa mjini na familia zao, vijana wa Kimalawi, Wazungu wachache, na kutoka kambini watu ishirini hivi waliopata hati, Alexis mmoja wao. Saa kumi jioni Mauwa alipanda. Alivaa kitenge cha bluu, kile cha harusi yake. Alikaa upande mmoja, Bella upande mwingine na meza yake. Bwana Jayanti alikaa chini, mbele kabisa, kwenye kiti.

Mwanzo mikono ya Mauwa ilikuwa na woga. Nilijua mimi tu, na labda mzee. Kisha Bella akalichukua pigo moja la ngoma kubwa, akalirusha. Likaenda juu ya vichwa vya watu, likarudi dogo, likarudi dogo zaidi. Mauwa aliacha kupiga. Alisikiliza kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Pigo lilipokaribia kuisha, akalijibu. Bella akalirusha na lile. Wakaendelea hivyo, na bustani nzima ikanyamaza.

Hapo niliona ni wakati mzuri wa maji.

Nilipanda na bilauri mkononi, kofia yangu ya darizi kichwani. Mpiga picha alikuwa upande wa kulia, nikazunguka kulia. Nikageuza uso kidogo. Mguu ukanasa kwenye waya.

Mashine zote zilikufa. Mwangwi ulikatika katikati, kama neno mdomoni. Maji yalinimwagikia kwenye kanzu. Watu mia kadhaa walinitazama, na Arlène alivua miwani.

Mauwa hakunitazama. Aliendelea. Bila mashine, bila kipaza sauti, kwa sauti ya chini, polepole. Haikuwa hesabu ya Kihindi tena. Ilikuwa ile ngoma ambayo Mama aliipiga mwisho wa harusi, wakati bibi harusi anatoka nyumbani kwao na haruhusiwi kugeuka. Nilikuwa nimepiga magoti nashikilia waya. Nililia palepale, mbele ya mpiga picha, na sikukumbuka kugeuza uso.

Bwana Jayanti alikuwa anahesabu kwa vidole gotini. Alipotea, akaacha, akasikiliza tu.

Bella alichomeka waya taratibu, akaiacha ngoma ya Mauwa iende mbele, mwangwi ukaifuata nyuma kwa mbali. Walipomaliza, watu walipiga makofi. Alexis ndiye aliyesimama wa kwanza.

Baadaye nilimkuta Mauwa nyuma ya jukwaa, anakula embe bichi kwa chumvi. Nikamwomba radhi kwa waya. Akatikisa kichwa.

"Ile sauti ilikuwa inaenda, inarudi," alisema. "Yakubu alienda, hakurudi. Mama alienda. Mi nilikuwa naona kila kitu kikienda, ndo kimeisha. Leo nimesikia kitu kinaenda na kinarudi, yaya. Kidogo, lakini kinarudi."

Nilimshikia embe akafunga kitambaa chake.

Mimi nimekuwa mtu wa kutafuta kuonekana. Nimeona jana kwamba kusikiliza ni kazi, na ni kazi kubwa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusikiliza.

Jumatano, 1 Oktoba

Bwana Jayanti amempokea Mauwa kuwa mwanafunzi wake, kila Jumatano. Ofisi imekubali kumpa hati ya kutoka siku moja kwa wiki, na jina la mtu wa kumsindikiza ni langu. Leo ilikuwa mara ya kwanza. Nilikaa pembeni kwa unyenyekevu, nikasikiliza.

Pale pembeni kulikuwa na chombo ambacho Jumatano iliyopita sikukiona. Kibuyu kikubwa, shingo ndefu ya mti, nyuzi nne. Mzee alisema kinaitwa tambura. Kinakaa nyuma ya wanamuziki wengine na kutoa sauti moja ileile, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza kama kina hesabu ya mapigo. Akasema hakina. Nikauliza tena, kwa uhakika. Hakina. Huwezi kupotea.

Nilitafakari sana wakati wao wanapiga. Sauti moja. Na anayekishika hukaa jukwaani, ameketi, anaonekana vizuri.

Walipotoka kunywa chai nilikijaribu. Uzi mmoja umekatika. Nimeuzungusha nyuma ya kibuyu, hauonekani.

Nimemwandikia Arlène kwa simu kwamba kwa tamasha la mwakani anihesabu, mimi ni mpiga tambura wa muda mrefu. Amejibu haraka. Ameuliza tambura ina nyuzi ngapi.

Nimejibu tatu.