Malalamiko Kuhusu Rai, Mtu wa Kazi Asiyejua Kupiga Hodi

Gombato, Ukunda

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Mimi ni Mbwana Dzombo, na kazi yangu ni ileile ya Rai, shujaa wa riwaya yenu ya Mkono wa Tajiri. Mwaka wa kumi na tisa huu namtumikia Bwana Adnan, ambaye sukari yake huingia kwa njia za Vanga bila kuwasumbua watu wa forodha. Mtu akisema yasiyomhusu, mimi ndiye hutumwa kumnyamazisha. Kwa hiyo siandiki kwa kubahatisha. Mmetuaibisha sisi wenye kazi hii, na malalamiko yangu ni haya:

1. Rai huingia nyumba za watu kwa kupiga mlango teke. Huku kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi kwao. Nimewahi kurudi mara nne kwa bwana mmoja ambaye nilikuwa nikimwona kabisa dirishani.

2. Rai hasalimii. Ukurasa wa kumi na mbili anamkunja shati mzee wa kumzaa bila hata shikamoo. Mwaka jana nilitumwa Lunga Lunga kwa Mzee Chome, aliyekuwa ameliona lori lisilotakiwa kuonekana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mama, akaniwekea kahawa na tende. Sasa, Ndugu Mhariri, mtu umekwisha kula tende zake, utamvunja mkono upi? Nilimwambia tu, "Babu, tajiri anakusalimu sana." Alielewa. Wiki ileile akahamia kwa bintiye, bara huko, na kazi ikawa imekwisha bila jirani kusumbuliwa.

3. Rai hali. Kurasa zote ni sigara na pombe. Mke wangu Mwanafatuma, nilipomsomea, aliuliza ni nani anayemfulia mashati yenye damu. Mwandishi wenu, Bwana Harrison, amtafutie mke.

4. Hili ndilo lililoniuma. Kuanzia ukurasa wa mia na themanini Rai anaanza kumshuku tajiri wake, ati kwa kuwa yeye Rai anajua siri zake nyingi mno. Huu ni uchochezi. Kitabu hiki nimepewa na tajiri mwenyewe, kwa mkono wake, akaniambia, "Soma, Mbwana, ujifunze uaminifu." Mtu anayekutakia mabaya hakupi kitabu. Mimi ndiye nizijuaye njia zake zote, na tangu maofisa waanze kuulizauliza amezidi kunipenda. Jumamosi amenialika mikokoni Vanga, mimi na yeye tu, tukatafute kaa. Hata simu ameniambia niiache nyumbani, nipumzike. Rai aliipata wapi heshima kama hii?

5. Kurasa nane za mwisho hazimo. Gundi yenu ni mbovu. Nitumieni kabla ya Jumamosi, tajiri akiniuliza mwisho nisiumbuke. Na katika chapa ya pili Rai na tajiri wake wazeeke pamoja, ikiwezekana waende hija.

Wasalimieni wote hapo ofisini, mpaka anayewapikia chai. Bwana Harrison mwambieni sina kinyongo naye, ila akae na watu wazima ajifunze adabu.

Ni mimi, mtiifu kwa tajiri wangu na mpenzi wa vitabu,
Mbwana Dzombo

Tanbihi: Alhamisi, kabla sijaipeleka barua hii posta, jirani yangu Mwalimu Ummulkheir aliniazima nakala yake, nzima. Naiomba radhi gundi yenu. Kurasa zangu zilichanwa. Kumbe Rai naye alialikwa mikokoni, wawili tu, bila simu. Nalifuta la nne, pamoja na ile hija. Bwana Harrison amekosea mahali pamoja tu: Rai alikwenda.

Msitume chochote kwa anwani ya hapo juu. Haya namalizia nikiwa barazani kwa Mzee Chome, huku bara kwa bintiye, mimi, Mwanafatuma na mabegi mawili. Nilijiandaa kupiga hodi tatu kisha nirudi zangu. Aliitikia ya kwanza.