Jina Langu Kwenye Bima ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimedharauliwa mchana kweupe. Naandika haya chooni, mahali pekee katika nyumba hii ambapo sikatizwi.

Asubuhi alikuja dada wa bima, mkoba begani, viatu vinalia ko ko ko. Bima ya nyumba ya mama mkwe inaisha wiki hii, na Jumamosi watatia sahihi mpya. Tukakaa sebuleni. Mama mkwe kwenye kochi lake, mke wangu ubavuni kwake, mimi kwenye kistuli cha jikoni, maana kiti changu kilivunjika nilipokisimamia kubadilisha balbu. Dada wa bima akaeleza kwamba mwenye nyumba anaweza kuandikisha na watu wa familia wanaoishi naye. Aliyeandikwa, vitu vyake navyo vinalindwa. Tena anaweza kuipigia simu kampuni na akasikilizwa kama mwenye nyumba mwenyewe.

Akasikilizwa! Nikakaa vizuri.

Mama mkwe akasema aandikwe yeye na binti yake. Nikakohoa. Akauliza kama paka anaweza kuandikwa. Akaambiwa wanyama hapana. Nikakohoa tena. Akauliza kuhusu kinyozi, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Akaambiwa mpangaji si familia, vitu vyake akavikatie bima yake mwenyewe. Hapo nilikohoa mpaka nikaletewa maji. Dada wa bima ndiye aliyenionea huruma, akauliza, na huyu je? Mama mkwe akanitazama kama anayechagua nyanya. Akasema huyo tutaona.

Tutaona! Nimekuwa mkwe humu tangu kabla ya huyo paka kuzaliwa, na paka ameulizwa kabla yangu!

Sitakubali. Kufikia Jumamosi, jina langu litakuwa ndani ya bima ile.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na akili. Mama mkwe ananiona mimi ni hasara. Basi nimwonyeshe kwamba mimi ni mlinzi.

Nikaenda kwa rafiki yangu anayelinda ghala, nikaazima mtungi wa kuzimia moto. Mwekundu, mzito, unapendeza. Nikauweka katikati ya sebule, nikamwita mama mkwe aje aone usalama. Akauzunguka. Akauliza kama unafanya kazi.

Jibu lilikuwa ndiyo, Mama. Maneno mawili tu! Lakini mimi nikachomoa pini.

Sikujua kwamba ukiachia mkono unazimika. Na mimi nikishtuka mkono wangu hukaza. Unga ulijaa sebule nzima, jikoni, mpaka ndani ya sufuria. Paka aliingia mweusi, akatoka mweupe. Katika lile wingu nilisikia sauti ya kinyozi. Alikuwa amejifunga taulo bichi usoni, akamshika mama mkwe mkono, akamtoa nje taratibu kama anavusha bibi harusi. Mama mkwe akamwita mwanangu.

Mimi huniita wewe.

Nimefagia mpaka jioni. Bado napiga chafya nyeupe. Rafiki yangu anataka mtungi wake urudi umejaa.

Jumatano, 6 Machi

Adui ni kinyozi. Sasa naliona wazi.

Kwanza, ananiita shemeji. Shemeji! Dada yake ni nani humu? Pili, kila asubuhi anampamba mama mkwe kwa maneno matamu, eti leo Mama umependeza, eti Mama hebu nikutazamie kitasa. Kitasa chenyewe nilikuwa nimeshakianza mimi mwezi wa kwanza! Tatu, ananyoa watu mle uani. Ile ni biashara, na dada wa bima alisema biashara ndani ya nyumba lazima kampuni ielezwe.

Nikapiga simu kwa kampuni. Nikabana pua, nikasema mimi ni jirani mwema, naripoti kinyozi wa siri. Kwa bahati mbaya ule unga ukanishika, nikakohoa. Dada wa bima akanisalimia kwa jina.

Akaniambia habari za kinyozi anazo tangu zamani, mama mkwe alishamweleza. Kisha akauliza kwa upole kama kuna chombo kingine chochote cha biashara ndani ya nyumba. Mdomo wangu huu! Nikasema hakuna kabisa, labda mashine yangu ya bisi, ambayo haijaanza biashara, inatoa moshi tu kidogo, na pazia lenyewe liliungua upande mmoja.

Akasema atakuja Ijumaa kukagua nyumba nzima.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza hiyo bima nikiandikwa nitapata nini hasa. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kila mtu ana jina lake mahali katika nyumba hii. Mama mkwe yupo kwenye hati ya nyumba. Yeye mke wangu yupo kwenye bili ya maji. Kinyozi ana kibao chake uani. Mimi jina langu lilikuwa kwenye kikombe, nacho nilikivunja. Nikisimama mlangoni huwa najihisi kama fundi aliyekuja kupima kitu na hajalipwa aondoke. Inaniuma.

Mke wangu akaacha kucheka. Akanipapasa kichwa, akasema nina unga masikioni.

Alhamisi, 7 Machi

Mashine ya bisi lazima ipotee kabla ya kesho. Ni kubwa kama kabati, ina magurudumu matatu na kioo. Niliinunua kwa matumaini.

Chini ya kitanda haiingii. Uani kuna yule mtu. Nikaamua darini. Nani anakagua dari?

Mama mkwe alipotoka, nikaegemeza ngazi chini ya kile kitundu cha kupandia, nikaifunga mashine kwa kamba, nikaanza kuvuta. Nusu ya safari kinyozi akatokea, akauliza, shemeji, vipi huko? Nikamwambia natega panya. Akaitazama mashine inaning'inia. Akasema panya hao lazima ni wakubwa. Kisha akanishikia ngazi na kusukuma kwa chini. Sikumwomba! Na sikumshukuru.

Nilipoiburuta mpaka juu ya sebule, ubao wa dari ukalia krrr. Nikashuka haraka, nikachukua fimbo ya pazia, nikaisimamisha wima kati ya sakafu na dari. Ikatulia. Mama mkwe aliporudi akauliza ile fimbo ni ya nini. Nikasema ni pambo.

Akaitazama sana. Akasema, wewe.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niandike.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Dada wa bima alikagua chumba kwa chumba, anaandika. Alipofika jikoni akauliza ukuta uliungulia nini. Mama mkwe akajibu, mkwe wangu. Bafuni akauliza bomba lililofungwa soksi. Mkwe wangu. Dirisha lenye gundi, mlango usiofunga, swichi inayozima taa ya jirani. Mkwe wangu, mkwe wangu, mkwe wangu. Nilikuwa nyuma yao, kifua mbele. Hata mke wangu hakutajwa hivyo! Kinyozi hakutajwa hata mara moja. Nikasema moyoni, leo nimeandikwa.

Tukaingia sebuleni. Dada wa bima akaona fimbo. Akauliza, na hii? Mama mkwe akasema hilo ni pambo, la mkwe wake. Dada wa bima akaigusa kwa kalamu. Kwa kalamu tu!

Sitaki kueleza kelele ile. Ubao ulishuka, mashine ikafuata, ikakaa kwenye kochi la mama mkwe, palepale anapokaa yeye. Punje za mahindi zikanyesha kwa muda mrefu. Paka hajaonekana tangu hapo. Kioo hakikupasuka. Nililisema hilo kwa sauti, ili watu waone upande mzuri.

Kisha wakaenda kuzungumza barazani. Nikajibanza nyuma ya pazia, upande ambao haukuungua. Nikamsikia dada wa bima akimwambia mama mkwe kwamba kampuni haiwezi kuibeba nyumba hii hivi ilivyo. Njia ni mbili, akasema. Ama mkwe ahame, ama... Hapo gari likapita, sikusikia mengine.

Ahame.

Nimefungasha begi. Mashati, hii shajara, na mkono wa kile kikombe. Mke wangu ananiambia nisiwe na haraka, lakini macho yake hayatulii. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya bomba.

Jumamosi, 9 Machi

Sijahama!

Dada wa bima alikuja na karatasi. Mimi nilikuwa nimekalia begi langu karibu na mlango. Mama mkwe akaniambia nisogee, nazuia hewa. Kisha akamgeukia dada wa bima, akasema amefikiria. Akasema dari litapigiliwa, kochi litashonwa, lakini binti yake ana mume mmoja, na mume huyo, pamoja na mikono yake, ni wa humu. Hatoki. Achukue ile njia ya pili.

Machozi yalinitoka. Hayakuwa ya unga.

Njia ya pili ikasomwa. Wanaolindwa: mama mkwe na mke wangu. Nikainamisha kichwa. Kinyozi naye amekata bima yake ndogo ya viti na mashine za kunyolea, akapunguziwa bei kwa tabia nzuri. Nikainamisha zaidi. Ndipo akafika ukurasa wa mambo ambayo kampuni hailipi. Vita. Mchwa. Uchakavu wa kawaida. Na hasara yoyote, ndogo au kubwa, ya makusudi au ya kujaribu kusaidia, itakayosababishwa na...

Mimi! Jina langu, la baba na la babu! Yote matatu, hakuna herufi iliyokosewa!

Nikaomba asome tena. Akasoma. Vita wamepewa neno moja. Mchwa neno moja. Mimi nina aya nzima. Mke wangu yumo kwenye orodha na mama yake, mstari mmoja wamebanana, lakini mimi nimekaa peke yangu kwa nafasi. Nikampa mama mkwe mkono wa shukrani, nikajimwagia chai.

Akanifuta chai kwenye shati yeye mwenyewe. Akaniita mwanangu wewe. Yote mawili kwa pamoja.

Jumapili, 10 Machi

Jambo kama hili halifichwi kwenye droo. Nimetoa nakala ya ukurasa wangu, nikautia kwenye fremu ya picha ya harusi. Picha nimeihifadhi mahali, nitapakumbuka. Nikachagua ukuta wa sebule unaoonekana kutoka mlangoni, ili kila mgeni akiingia ajue mimi ni nani. Mke wangu akasema nimsubiri kinyozi apigilie msumari. Kinyozi! Kwenye ukurasa wangu mimi?

Nikapiga mwenyewe. Pigo la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu likaingia kwenye bomba.

Naandika haya kwa mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto kimo ukutani, kimeziba. Maji yanapita pembeni kidogo tu, na kochi lilikuwa lishonwe hata hivyo. Mama mkwe amepanda juu ya meza pamoja na paka, ambaye Mungu mkubwa amerudi. Mke wangu amekimbilia uani, na sasa huyo kinyozi anakuja na spana na lile taulo lake, anauliza, shemeji, vipi huko?

Simwamini hata kidogo. Kesho asubuhi nampigia dada wa bima. Huyu mtu akiharibu kitu humu ndani, wasije wakamwandika kwenye ukurasa wangu.