Kisanduku cha Mapato ya Mke

Ijumaa, 24 Juni 2016

Leo ofu, sina zamu. Zimebaki siku sita za kujaza ritani ya kodi ya Kenya. Fomu inamuuliza mume kama angependa kutangaza mapato ya mkewe pamoja na yake. Mke haulizwi. Fomu yenye adabu sana. Damaris ana vyumba vya kupangisha Kisumu, na kwa miaka saba ya ndoa hajaniambia ni vingapi. Vichache, husema. Nimemwarifu kwamba sheria sasa inalazimisha mume na mke kujaza pamoja. Sheria hiyo nimeitunga mwenyewe, nikinyoa ndevu.

Jumamosi, 25 Juni

Zamu ya mchana, lango la maduka, Abu Hamour, hapa Doha. Joto la kuchemsha mayai. Mlinzi mwenzangu Benard alisoma uhasibu mihula miwili, na hatujapumua tangu hapo. Anasema kujaza pamoja ni hiari, tena nikiweka mapato ya mke kwenye fomu yangu, kodi yake nitadaiwa mimi. Wivu tu. Mkewe hana hata kibanda.

Jumatatu, 27 Juni

Damaris ametoka kazini kliniki, amevua viatu, amekaa kando yangu na kunisomea taratibu. Vyumba kumi na vinne. Kumi na vinne, na juzi alinikopa riyali tano za mkate.

Kwenye mapato yangu mengine nikaandika sifuri. Akaniuliza, bila kuinua sauti, "Na zile pikipiki tatu, Baba Bradley?"

Pikipiki za boda ziko Siaya, kwa jina la mdogo wangu Onyango, mtu wa siri. Kumbe kila Jumapili humtumia Damaris hesabu. Tangu mwaka juzi.

Nikasema labda basi kila mtu ajaze yake. Akasema hapana, sheria ni sheria. Akabonyeza kutuma yeye mwenyewe.

Alhamisi, 30 Juni

Kodi imekuja, yote kwa jina langu. Nimelipa kwa pesa za tiketi yangu ya likizo. Krismasi Damaris atakuwa Kisumu akikagua vyumba, mimi langoni. Amenipa pole na kipande cha tikiti maji.

Lakini kosa nimeliona. Kosa ni Onyango. Pikipiki ya nne nitanunua Agosti, na itaandikwa jina la mtu ambaye Damaris hawezi kumshuku hata kidogo: mama yake mzazi. Nimempigia simu leo. Amekubali kabla sijamaliza kueleza.