Nguzo Apanda na Pazia

Duniani kuna watu watatu muhimu: rais, daktari wa meno na mvuta pazia! Hayo si maneno yangu. Ni ya Nguzo, na Nguzo alikuwa mvuta pazia.

Jina la Nguzo alijipa mwenyewe. Mtu mwembamba kiasi kwamba akisimama nyuma ya ufagio, unauona ufagio kwanza! Mjini kwetu kuna vikundi vitatu: cha ngoma, cha muziki na cha maigizo. Havipatani hata kwa salamu, lakini vyote hutumia ukumbi mmoja wenye pazia moja zito, la kupanda na kushuka, na kamba yake aliijua Nguzo peke yake. Basi kichwa kikamvimba. Mimi mpiga tarumbeta nikimsalimia, ananijibu kwa kidole kimoja.

Shida ilianza alipokwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake. Mzee huyo ni mpima mizigo sokoni, miaka thelathini kwenye mizani, na hamwamini hata mtu anayemwambia leo ni Jumatatu.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Sanaa, baba. Mimi ndiye ninayefungua onyesho na kulifunga. Bila mimi, watu wanakodolea macho kitambaa!"

Uongo? Hata kidogo! Ndiyo maana aliyasema bila kupepesa.

"Vizuri," mzee akasema. "Jumamosi nitakuja. Nikikuona jukwaani, tutaongea habari za ndoa. Nisipokuona, usikanyage tena hapa."

Nguzo akarudi ukumbini jasho likimtoka. Mvuta pazia haonekani! Akionekana, kaharibu kazi. Na yeye akisimama jukwaani, kamba atavuta nani? Kuniomba mimi hakuthubutu, anajua ningecheka mwezi mzima.

Akakuna kichwa mpaka akapata wazo. Nyuma ya ukumbi mafundi ujenzi walikuwa wameacha rundo la mchanga. Akapandisha mfuko mtupu kwenye roshani ya taa juu ya jukwaa, akaujaza ndoo kwa ndoo, akaufunga kwenye kamba ya pazia. Kisha akauwekea uzi mrefu. Akivuta uzi, mfuko unaanguka, pazia linapanda, yeye anainama, watu wanapiga makofi, mke kapatikana!

Jumamosi kila kikundi kilikuwa na zamu yake, na ukumbi ulijaa pomoni. Mzee alikaa safu ya mbele, mikono kifuani, binti pembeni yake akitafuna kucha. Nikapuliza tarumbeta. Nyuma ya pazia, Nguzo alikuwa ndani ya koti refu la kifalme aliloliazima kutoka chumba cha mavazi bila kumwambia mtu. Akasogea mpaka tumbo likagusa kitambaa, akavuta uzi.

Puuu! Mfuko ukashuka, pazia likapaa. Sasa, chini ya pazia lile kuna ndoano za kulishikiza sakafuni. Moja ikadaka mkanda wa koti, na Nguzo akapanda na pazia!

"Shusheni pazia!" mwongozaji wa maigizo akanong'ona kwa hasira.

Tukatazamana. Mtu pekee aliyejua kulishusha alikuwa ananing'inia juu yetu!

"Basi endeleeni!"

Mfalme wa mchezo, aliyelala kitandani mahututi, akaanza kukata roho. "Wanangu, naiona mbingu ikinijia..."

Kiatu kikamwangukia kifuani. Mfalme akaruka, kapona kabisa. "Mbingu gani hii inavaa viatu?"

Ukumbi ukaangua kicheko! Mama mmoja alicheka mpaka akamkumbatia mtu asiyemjua. Mimi tarumbeta ilinitoka mikononi.

Mzee akasimama. "Kijana! Wewe ndiye unayefungua onyesho?"

"Ni mimi, baba! Shikamoo!"

"Marahaba. Na kulifunga je?"

"Hapo ndipo pana tatizo, baba!"

Alishushwa na wacheza ngoma waliopandiana mabegani. Watu wa maigizo waliwaelekeza, sisi wa muziki tukawapigia wimbo. Ilikuwa mara ya kwanza vikundi vyote vitatu kufanya kitu pamoja.

Mlangoni mzee akamshika bega. Nikajua kofi linakuja.

"Nilisema nikikuona," mzee akasema. "Nimekuona. Hata waliokaa nyuma kabisa wamekuona. Njoo kesho. Ila safari hii uniambie kazi yako waziwazi. Ukinizungusha tena, basi."

Ya Jumapili nilisimuliwa na mchumba mwenyewe, huku akijifuta machozi ya kicheko. Nguzo alifika na shati lililopigwa pasi, mbwembwe kaziacha nyumbani.

"Haya, kazi yako?"

"Nilikuwa mvuta pazia, baba."

"Ulikuwa?"

"Mwongozaji kasema mfuko wa mchanga ulilipandisha vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo mfuko umebaki, mimi nimeondoka. Tena..." Akanyoosha kola ya shati. "Tena anasema haujisifu."

Mzee akamtazama binti yake, akamtazama Nguzo kuanzia utosini hadi kwenye viatu, taratibu, kama anayepima gunia.

"Na huo mfuko," akauliza, "umeshaoa?"