Mapacha Wangu na Ile Nafasi Yenu ya Sita

Kasoli,
Bariadi.

Ndugu Mhariri wa Vipindi,
Redio Mlingoti,
Bariadi mjini.

YAH: KUNIVUNJIA NYUMBA KWA ORODHA YA WACHANAJI

Mwangaluka, Ndugu Mhariri. Barua hii ikikufikia jioni, salamu hiyo ya asubuhi iweke mpaka kesho, isiharibike.

Mimi ni Nyanjige, mke wa Mwandu, mkulima wa pamba na katibu wa kwaya ya kigango. Walionileta kwako ni wanangu Kulwa na Doto, mapacha, au kama tunavyosema huku, mabasa. Umri wa kuoa wanao, ila wameona waanze kwanza kuchana. Kuchana nilikokujua mimi ni kwa nguo na nywele. Siku hizi ni kazi ya mdomo, kughani kwa vina. Kulwa anajiita Fisi wa Mchana, jina ambalo limewaleta wazee wawili wa mtaa kuniuliza, kwa upole kabisa, kama fisi huyo ni wa kwetu. Doto anajiita Profesa Doto, ingawa cheti chake cha kidato cha nne hatukitoi mbele ya wageni.

Kwanza niwapongeze kwa kipindi chenu cha Jumamosi, "Wakali Kumi wa Michano Simiyu". Si kila redio inaweza kuvunja nyumba ya mtu bila hata kutuma mtu afike. Ninyi mmeweza, kwa mlingoti tu. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya.

1. Mmewapanga mabasa. Mabasa hawapangwi, Ndugu Mhariri. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake. Mmoja akiumwa, dawa wanaonja wote. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini hajatokea mtu katika ukoo huu akasema kwamba alishinda. Ninyi jioni ile mkatangaza: "Namba sita, Fisi wa Mchana kutoka Kasoli!" Tukapiga vigelegele, mimi nikamkimbilia jogoo. Kisha tukaanza kumsubiri Doto. Tano, nne, tatu. Kila mlipotaja mtu, Doto alisogeza kigoda chake karibu zaidi na redio. Mlipofika namba moja mkamtaja binti wa kule Nassa ziwani anayeitwa Wema, ambaye naambiwa anachana vizuri na dagaa pia anaanika, kwa hiyo sina ugomvi naye. Doto hakutajwa. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Nikampa kila mmoja paja, sawa kwa sawa, lakini paja la Doto lilikaa kwenye sahani mpaka mbwa akaanza kuwa na matumaini.

2. Wimbo mliopiga kumsifu namba sita haukuwa wa namba sita. Ulikuwa wa Doto. Nawaelewa, sauti zao zinafanana kiasi kwamba hata mimi niliyewazaa huwatofautisha kwa kikohozi. Lakini wimbo ule Doto aliutunga msimu uliopita akinisaidia kuchambua pamba, kila mstari nikiusikia. Kulwa naye alijua. Akawa anatazama kucha zake. Doto akamtazama, akasema neno moja tu: "Haya." Ndugu Mhariri, mwanangu akisema haya kwa namna ile, heri angetukana.

3. Kilimo kimesimama. Sisi tunalima kwa plau ya ng'ombe, na plau inataka watu wawili: mmoja anashika mikono yake, mwingine anatangulia kuongoza ng'ombe. Jumatatu nikawaamsha. Kulwa akasema, "Mama, namba sita hawezi kuongoza ng'ombe, watu wataniona." Doto akasema, "Na mimi nisiye na namba nitashika plau kwa cheo gani? Mwiteni namba moja aje kutoka Nassa." Nikamwendea baba yao aamue. Mwandu akajibu kwamba redio imeshasema. Huyu mzee bei ya pamba anaipata kwenye redio hiyo hiyo, kwa hiyo kila inachokisema anaona wakubwa wameshakaa wakakubaliana. Ng'ombe walishinda zizini wakila majani ya bure kama watumishi walio likizo, na shamba letu la pamba likabaki limelimwa nusu, mbegu zikiwa bado ndani ya nyumba.

4. Ugonjwa huu wa kupanga watu umeenea kijijini. Jirani yetu Maduhu, akiwa kilabuni, aliwapanga wake zake. Anao wawili. Klementina akapewa nafasi ya pili, akapongezwa, mpaka alipofikiri vizuri njiani. Asubuhi akarudi kwao Binza, na sufuria kubwa akaondoka nayo kwa sababu ni yake. Sufuria hiyo ndiyo tunayopikia misiba yote ya upande huu. Maana yake ni kwamba tangu kipindi chenu kirushwe, hakuna mtu hapa Kasoli mwenye ruhusa ya kufa. Wagonjwa tumewaeleza, wanajitahidi.

Hata mume wangu, ambaye kwa miaka yote ameula ugali wangu bila maoni, juzi alitafuna, akatulia, akasema kwa hapa mtaani angeuweka nafasi ya nne. Nimemruhusu aende akale kwa hao watatu wa juu. Hajaenda, na hataki kuwataja.

5. Mvua. Wazee wanasema mabasa wakigawanywa, mvua nayo inagawanyika, inanyesha kwa wengine. Mimi ni Mkristo na siamini mambo hayo. Nasema tu kwamba Jumamosi kabla ya kipindi mawingu yalikuwa juu ya Kasoli, na Jumapili hayakuwepo. Kama redio yenu ina maelezo mengine, nitayapokea.

6. Aibu. Jana nilichukua fimbo nikawapeleka wote wawili shambani, nikasema atakayetoka kabla ya kazi kuisha asiniite mama. Kulwa akashika plau, Doto akaongoza ng'ombe, na mfereji wa kwanza wa plau walilima kimya kama watu wa mazishi. Kwenye wa pili Kulwa akaanza kuchana kutoka nyuma ya plau, kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Nilitangulia mimi, nikakufungulia njia,
leo redio yanitaja, wewe kaa kuisikia!"

Doto hakugeuka. Akachapa ng'ombe, akajibu:

"Ulitoka ukaniacha gizani peke yangu,
na leo umetoka tena, umebeba wimbo wangu!"

Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Waliokuwa majumbani wakaja. Hapa kwetu ngoma za ushindani tunazijua tangu mababu, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na watu huamua kwa miguu: mwenye umati ndiye mshindi. Basi wakajigawa kwenye kingo mbili za shamba langu, wengine kwa Kulwa, wengine kwa Doto, wakawa wanahama kila mstari ulipokolea. Mambo ya ndani ya nyumba yangu yote yakatoka, mpaka nani alinyonya sana na nani alikojolea blanketi. Mimi ni katibu wa kwaya, Ndugu Mhariri. Nilijifunika kanga usoni nikiwa nimesimama katikati, kwa sababu sikuweza kwenda upande wowote.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Orodha ifutwe hewani, kwa sauti ile ile iliyoitangaza. Kulwa na Doto wawe namba sita wote wawili, na kama kiti hakitoshi, namba saba asogee kidogo. Tena kuanzia sasa redio isipange kitu chochote kinachopumua. Mkizidiwa na hamu ya kupanga, pangeni barabara zetu kwa mashimo. Huko kila mtu atakubali matokeo.

Wasalimie wote hapo redioni: mafundi mitambo, mlinzi wa getini, na kijana wenu Kristofa anayesoma orodha kwa kelele kama anayefukuza ndege kwenye mtama. Mwambie ameze maji. Mimi na nyumba yangu, au kilichobaki, tunawasalimu. Wabeja, ndiyo asante yetu.

Ni mimi,
Nyanjige, mama wa namba sita na wa yule mliyemsahau.

N.B. Barua hii imechelewa kwa sababu Esteria, anayeileta huko mjini, alikuwa akiuguza. Siandiki upya, karatasi za kwaya zina mwisho. Lakini yametokea mambo.

Shamba limekwisha. Kila mmoja alihitaji mfereji mzima kumjibu mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na wa kupumzika, na nusu iliyobaki ilikwisha kwa siku mbili, imenyooka kuliko mwaka wowote. Mvua imenyesha. Klementina amesikia habari za michano huko Binza, amerudi na sufuria ili asipitwe.

Mfereji wa mwisho, Kulwa alisimamisha plau, akachana polepole:

"Hii sita ni shati lako, nimelivaa linanibana,
pokea shati lako, ndugu yangu, tumalize kuchana."

Mavazi yao ni saizi moja, lakini nilielewa. Doto alizungusha kamba ya ng'ombe mkononi. Kisha akasema, "Linanuka jasho lako, baki nalo." Baadaye nikawasikia lamboni wakiwanywesha ng'ombe, wanacheka, na kwa kicheko siwezi kabisa kuwatofautisha.

Sasa wamepatana, na hapo ndipo palipo na tatizo. Tangu wapatane, kwenye shamba la dengu wanalima mfereji mmoja, wanakaa kivulini kutunga wimbo wa pamoja, wanaulizana vina mpaka jua linakuwa kali. Nami dengu bado zinasubiri, na Maduhu ameomba waende kwake pia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi la kufuta orodha naliondoa. Badala yake, mwezi ujao mpandisheni Doto awe namba mbili, na Kulwa msimtaje kabisa. Tangazeni mapema, udongo ukiwa bado laini.